Maana ya "nyumba kubwa" nchini Ayalandi

Kwetu ukitaja nyumba kubwa, mtu anafikiria mke wa kwanza. Nchini Ayalandi ni jumba la kabaila, teach mór kwa lugha yao, na mara nyingi ukoo wake ulijipatia ardhi karne ya 17, wakati majeshi ya Cromwell, jemadari wa Uingereza, yalipowapokonya wenyeji. Wingi wa vyumba si hoja. Kilicholipatia jumba jina ni maelfu ya ekari zilizolizunguka, zikilimwa na wapangaji waliolipa kodi.

Chukua Strokestown, kaunti ya Roscommon, jumba la ukoo wa Mahon. Jikoni kuna roshani: bibi mwenye nyumba alisimama huko juu akamdondoshea mpishi orodha ya vyakula, asikanyage sakafu ya chini. Watumishi nao walichimbiwa njia ya chini kwa chini ili wasionekane wakipita.

Denis Mahon alirithi mwaka 1845, na mwaka huohuo ugonjwa ukaingia kwenye viazi, chakula cha kila siku cha wapangaji. Malimbikizo ya kodi yalikuwa makubwa. Wakala wake akapiga hesabu: kuwasafirisha watu hadi Kanada ni nafuu kuliko kuwatunza katika makao ya mafukara, ambayo wenye ardhi waliyachangia kwa ushuru. Mwaka 1847 watu 1,490 wakatembea hadi Dublin, wakavuka kwenda Liverpool, wakapanda meli za Quebec. Wengi walifia baharini, wengine katika karantini ya kisiwa cha Grosse Île huko Kanada. Novemba mwaka huohuo Mahon akapigwa risasi barabarani, akafa.

Mawakala walichukiwa kuliko mabwana zao, maana ndio waliogonga mlango kudai kodi. Mmoja, Kapteni Boycott wa Mayo, alitengwa na majirani mwaka 1880: hakuna wa kumvunia wala wa kumuuzia kitu. Jina lake ndilo neno la Kiingereza la kususia hadi leo.

Wengi hudhani nyumba kubwa ziliuawa na moto, kwa kuwa zaidi ya 250 zilichomwa kati ya 1919 na 1923, wakati wa vita vya uhuru na vya wenyewe kwa wenyewe. Mimi naona zilishakata roho kabla. Sheria ya mwaka 1903 iliwakopesha wapangaji fedha za serikali wakanunua vipande walivyolima. Kodi ikakauka, likabaki paa linalovuja.

Strokestown haikuchomwa. Iliuzwa mwaka 1979 kwa mwenye gereji wa mjini hapohapo, aliyetaka uwanja wa kupanua kazi yake. Katika ofisi ya shamba akakuta marundo ya karatasi, na humo barua ya wapangaji ya mwaka 1846: wanaomba kazi, kwa kuwa hawawezi tena kuvumilia vilio vya njaa vya watoto wao. Jumba la makumbusho ya njaa likafunguliwa hapo mwaka 1994, na barua hiyo imo.