Maswali na majibu: mtoto anapoona haya kwa sababu ya sura yake

Mtoto huanza kujali sura yake akiwa na umri gani?

Mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Akiwa na miaka mitatu hivi anatambua tofauti za rangi na nywele, na muda mfupi baadaye hujifunza, kwa kuwasikiliza wakubwa, ni sura ipi inayosifiwa nyumbani na ipi inayochekwa.

Mwanangu wa darasa la pili amekulia Singida, nasi sasa tumehamia Dodoma. Meno yake yana madoa ya kahawia, na siku hizi hufunika mdomo anapocheka. Nimweleze nini?

Mweleze chanzo chake, kwa kuwa mara nyingi kinachomuumiza zaidi ni kuitwa mchafu. Baadhi ya visima vya Singida vina floraidi, madini ya asili ya majini, nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayekunywa maji hayo katika miaka 8 ya mwanzo, wakati meno ya ukubwani yanaundwa ndani ya taya, huota meno yenye madoa ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa. Mfundishe jibu fupi la kuwapa wenzake: "Ni maji niliyokunywa nikiwa mdogo, mswaki napiga kila siku." Mwalimu naye aelezwe, maana ukaguzi wa usafi mstarini ndipo mtoto wa namna hii huaibishwa bila kosa. Usiyasugue kwa mchanga wala mkaa, kwani utakwangua tabaka la nje la jino. Daktari wa meno anaweza kuyafifisha madoa hayo, ila hilo lisiwe sharti la mtoto kucheka kwa uhuru leo. Ikiwa wadogo zake wamebaki huko, fahamu kwamba kuchemsha maji hakupunguzi floraidi; wapewe maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi au ya chanzo kilichopimwa.

Bibi yake humwita mdogo wake wa kike, wa miaka minne, "Cheusi", akisema ni utani tu. Kuna ubaya?

Utani wa bibi na mjukuu ni wetu na haufai kufutwa, lakini mtoto wa miaka minne huweza kuuchukua kama ukweli, hasa akisikia pia shangazi akisifiwa kwa weupe. Mwombe bibi, kwa heshima na faraghani, amtanie mjukuu kwa ulafi wake wa ubuyu au uvivu wa kuamka, mambo ambayo mtoto anaweza kuyajibu. Mkorogo nao usionekane nyumbani: vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na zebaki hudhuru figo.

Ni wakati gani wa kumwona mtaalamu?

Akikataa shule, akiacha kula au akijikwaruza ngozi, mpeleke kituo cha afya. Jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, lisimtishe mzazi wa huko: kuomba ushauri wa afya ya akili si kumwita mtoto mwendawazimu.