Je, wajua kwa nini kitalu nyumba chenye matundu wazi bado huchemka?

Saa saba mchana, mapazia ya pembeni yamekunjwa, madirisha ya paa yako wazi, na bado maua ya nyanya yanapukutika kwa joto. Upepo upo, swali ni unapita wapi ukishaingia. Hewa haionekani, kwa hiyo watafiti huifuata kwa hesabu za kompyuta. Okushima na wenzake wa Japani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo, mwaka 1989.

Hewa ya kitalu husukumwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni joto. Hewa ya ndani ikiizidi ya nje kwa nyuzijoto 10, kila mita ya ujazo hupungua uzito kwa gramu 40 hivi. Tundu la paa likiwa mita 3 juu ya lile la pembeni, hapo hupatikana shinikizo la paskali 1.2 tu. Ya pili ni upepo: ukiwa na kasi ya mita 1 kwa sekunde hutoa paskali 0.6, ukifika mita 2 hutoa 2.4. Ndiyo maana siku ya upepo hafifu kimo cha paa ndicho kinachookoa mazao, na kitalu kifupi chenye matundu ya pembeni peke yake huteseka.

Kwenye kompyuta, hewa ya ndani na ya nje hugawanywa vijisanduku, na kila kimoja husawazishiwa hewa iingiayo na itokayo, mwendo na joto, tena na tena hadi majibu yatulie. Penye matundu vijisanduku huwa vya sentimita 5 hadi 10. Mbali zaidi huweza kufika mita nzima. Kwa kitalu chenye kimo cha mita 4, kwenye mchoro huo wa kompyuta acha hewa ya nje mita 20 upande unakotoka upepo, mita 60 unakoelekea, na mita 20 juu. Ukibana nafasi hiyo, upepo utalazimika kupenya kwa kasi isiyo ya kweli, na kitalu kibovu kitaonekana kizuri.

Kinachowaponza wengi ni neti. Neti ya kuzuia thripsi (wadudu wadogo sana wanaofyonza mimea) yenye nyuzi 20 kwa 10 katika kila sentimita ina vitundu milioni 2 kwa mita moja ya mraba. Huwezi kuvichora vyote. Huwekwa uso mmoja wenye ukinzani uliopimwa maabara. Ukiisahau neti, modeli (yaani kitalu hicho cha kompyuta) inaweza kukupa hewa maradufu ya ile halisi! Mimea nayo huchukuliwa kama sifongo inayopunguza kasi ya hewa (kwa nyanya, kigawo cha ukinzani cha 0.32 hutumika sana), na lazima majani yatoe mvuke. Bila mvuke huo, joto la jua linalokausha maji ya majani litabaki hewani na modeli itaonyesha tanuri.

Programu nyingi huanza na hewa ya kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, ambayo ni ya usawa wa bahari. Kwenye mashamba ya waridi ya Naivasha, karibu mita 1,900 juu, hewa ya nyuzijoto 25 ina kilo 0.95 hivi. Inabeba joto pungufu kwa takriban moja ya tano, kwa hiyo namba hiyo ibadilishwe kabla ya yote.

Kisha mishale inayochorwa na kompyuta kuonyesha mwendo wa hewa hufichua jambo ambalo kipimajoto kimoja hakiwezi kuliona. Katika vitalu vipana vyenye mapaa yaliyoungana, hewa huweza kuingia kwa tundu la paa linalokabili upepo, ikateleza chini ya plastiki, ikatokea tundu la jirani bila kugusa jani. Hesabu itasema hewa inabadilishwa vizuri, kumbe kwenye mimea imetuama. Kibao cha kuielekeza chini, kikifungwa kwenye tundu la kwanza, hubadilisha njia hiyo.

Usiyaamini majibu kabla ya kupunguza ukubwa wa vijisanduku kwa nusu na kukokotoa upya. Joto likihama kwa zaidi ya nusu ya nyuzijoto, endelea kuvipunguza. Baada ya hapo ning'iniza vipimajoto kwenye kimo cha vichala, safu kwa safu, vikiwa ndani ya kivuli chenye feni ndogo. Kisichokingwa jua kinajipima chenyewe, si hewa.