Kiyoyozi cha jengo zima: dai mpangilio wa udhibiti ulioandikwa

Malalamiko ya watumiaji wa ofisi kubwa hapa Dodoma yanafanana: chumba kimoja watu wamevaa masweta, cha jirani wanajipepea kwa mafaili, na bili ya umeme haishuki. Mara nyingi mitambo ni mizima. Kinachokosekana ni mpangilio wa udhibiti: nini kianze, nini kifuate, kwa vipimo gani. Kila mkandarasi hutunga wake, na akiondoka huondoka nao.

Mwaka 2018 chama cha wahandisi cha ASHRAE, chenye makao Marekani, kilitoa Mwongozo Namba 36 wenye mipangilio iliyokwisha kuandaliwa. Izingatiwe kuwa si sheria ya nchi. Unambana mkandarasi pale tu ulipotajwa kwenye mkataba.

Kushusha nyuzi hadi 16 hakupozi chumba haraka zaidi. Tumelisema mara nyingi. Mwongozo unaanzia nyuzi 24 za kupoza na 21 za kupasha joto saa za kazi. Watu wakiondoka, 32 na 16. Katikati ya 21 na 24 mtambo haupozi wala haupashi, na ndivyo inavyotakiwa.

Asubuhi za Juni na Julai hewa yetu ya nje inatosha kupoza. Dampa ya hewa ya nje, yaani kilango kinachoruhusu au kuzuia hewa, ifunguke kwanza, na valvu ya maji baridi isubiri hadi dampa iwe wazi kabisa. Vumbi likiigandisha dampa, kompresa hubeba kazi yote bila mtu kujua.

Feni kuu ndiyo yenye akiba kubwa: kwa asilimia 80 ya kasi hula takriban nusu ya umeme. Ili feni ipunguze kasi, kila dakika 2 mfumo hupunguza shinikizo la hewa kwenye mabomba kwa paskali 12 (paskali ni kipimo cha shinikizo). Maombi ya vyumba, yaani ishara kuwa chumba hakipati hewa ya kutosha, yakizidi mawili, huongeza paskali 15 kwa kila ombi la ziada, lakini si zaidi ya 32 kwa mara moja. Sasa tuseme fundi wa dari amekanyaga bomba laini la hewa la chumba kimoja. Hewa ikishuka chini ya nusu ya inayotakiwa huku dampa ya chumba iko wazi, chumba hicho pekee hutuma maombi matatu, na feni hupanda hadi kikomo. Chumba hicho kipewe uzito sifuri, yaani maombi yake yasihesabiwe, hadi bomba linyooshwe. Kuongeza kasi ya feni si matengenezo.

Kabla ya kusaini hati ya kukamilika, meneja wa jengo aombe jaribio mbele yake: dampa ya chumba kimoja ifungwe kwa mkono, kisha mwenendo wa shinikizo usomwe kwenye skrini kwa dakika 20. Likishindwa, liingie kwenye orodha ya kasoro, lirudiwe kwa gharama ya mkandarasi, na fedha iliyozuiwa kwa kipindi cha matazamio (muda wa kurekebisha kasoro baada ya makabidhiano) isiachiwe, kadiri mkataba unavyoruhusu. Nakala ya mpangilio na nywila za mfumo zikabidhiwe siku hiyo hiyo, kwa maandishi.