Maswali na Majibu: Neva, Kutembea na Modeli za Kompyuta

Swali: Mtu anayepita Kariakoo huku akiongea na simu hafikirii hatua zake. Ni nini kinachoiongoza miguu yake?

Ubongo huamua aelekee wapi na asimame lini, lakini sehemu kubwa ya kazi ya kupokezanisha miguu hufanywa na ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Mwaka 1911 mtafiti Thomas Graham Brown alionyesha kwamba ugwe mgongo wa paka, hata ulipotenganishwa na ubongo, uliendelea kuamrisha kwa zamu misuli inayokunja mguu na ile inayounyoosha. Binadamu hawezi kufanyiwa jaribio la namna hiyo, na ndiyo sababu watafiti hutumia modeli za kompyuta.

Swali: Modeli hizo hufanyaje kazi?

Mifupa, misuli, uzito wa mwili na neva huandikwa kwa milinganyo ya hisabati, kisha kompyuta hukokotoa kila badiliko hadi mwili huo wa kihesabu utembee au uanguke. Mwaka 1991 Gentaro Taga wa Japani na wenzake walitumia neva za kihesabu zinazozalisha zenyewe mdundo, yaani amri za hatua zinazojirudia kwa zamu. Hartmut Geyer na Hugh Herr walifuata njia nyingine mwaka 2010: modeli yao, yenye misuli 7 katika kila mguu, haikuwa na chanzo chochote cha mdundo, bali ilitegemea miitiko isiyo ya hiari, ambapo msuli unaovutika au kubeba uzito hutuma taarifa na kurudishiwa amri. Waliingiza hata ucheleweshaji wa neva, takriban milisekunde 20 kwa misuli ya kifundo cha mguu. Modeli hiyo ilitembea, na ilimudu miinuko na miteremko bila kurekebishwa, kama abiria anayeshuka kuelekea kivuko cha Kigamboni bila kuhesabu hatua. Kwangu mimi hilo ndilo funzo kubwa zaidi, ingawa halithibitishi kwamba mwili wa binadamu hauna mdundo wake wa ndani.

Swali: Mama yangu alipata kiharusi na sasa anaburuta mguu. Elimu hii inamsaidiaje?

Modeli haichukui nafasi ya mtaalamu wa fiziotherapia. Hata hivyo, kiharusi hudhuru ubongo, na kwa kawaida ugwe mgongo hubaki mzima. Kwa hiyo mazoezi ya kusimama, kuegemea mguu dhaifu na kutembea kwa usaidizi yana maana kubwa, kwa kuwa yanaupa ugwe mgongo taarifa unazozihitaji. Tafadhali msimwache akae kitandani mchana kutwa kwa huruma, iwapo daktari amemruhusu kufanya mazoezi. Kwa waliokatwa mguu, modeli ya Geyer na Herr imekwisha kutumika kuongoza mguu bandia wenye mota.

Swali: Ni lini mabadiliko ya mwendo yanahitaji hospitali mara moja?

Mguu au mkono wa upande mmoja ukilegea ghafla, mdomo ukipinda au maneno yakikwama, mpelekeni mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo.