Stempu si hati ya kisiwa

Jana nimeulizwa tena kuhusu kisiwa cha Maore (Mayotte): "Lakini mzee, Maore wana stempu zao. Basi si ni nchi?" Miaka mingi nakusanya stempu za visiwa vya Bahari ya Hindi, na swali hili limenichosha, pamoja na pacha wake: stempu imeandikwa Uingereza, basi kisiwa ni cha Uingereza. Leo nalijibu kwa maandishi.

Maore kwanza, maana jibu lake ni fupi. Desemba 1974 Wakomoro walipiga kura. Visiwa vitatu vikataka uhuru, Maore ikataka kubaki na Ufaransa. Julai 1975 Komoro ikatangaza uhuru wa visiwa vyote vinne, na bendera yake ina nyota nne hadi leo. Posta yake ikachukua stempu za mkoloni na kuzipiga chapa "ETAT COMORIEN". Maore ilitumia stempu za kawaida za Ufaransa hadi 1997, ikapata zenye jina lake, nazo zikakoma mwishoni mwa 2011, mwaka ilipofanywa mkoa kamili wa Ufaransa. Muda wote huo aliyekishika kisiwa ni yule yule, na Komoro haijaacha kukidai.

Chagos ndiko ninakotaka mkae nami. Novemba 1965 Uingereza ilivikata visiwa hivyo kutoka Morisi, ikaviunga na Aldabra, Farquhar na Desroches za Shelisheli. Januari 1968 zikatoka stempu za kwanza: za Shelisheli, zimepigwa chapa "B.I.O.T." juu yake, kifupi cha jina la Kiingereza la Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi. Itazameni tarehe hiyo. Kati ya 1968 na 1973 wakazi wa Chagos waliondolewa, wakapelekwa Morisi na Shelisheli, ili Marekani ipate kambi ya kijeshi Diego Garcia, kimojawapo cha visiwa hivyo. Yaani stempu zilianza kuuzwa huku waandika barua wakitolewa! Seti hiyo ninayo, gundi yake haijaguswa, na kila nikifungua albamu nawafikiria watu hao.

Mwaka 1976 vile visiwa vitatu vilirudi Shelisheli, na stempu za B.I.O.T. zikaacha kutolewa hadi 1990. Kama stempu ndiyo hati, kwa miaka hiyo yote Diego Garcia ilikuwa ya nani? Kambi ilikuwapo, Uingereza ilikuwapo, stempu ndizo hazikuwapo. Mwaka 1953, Ufaransa na Uingereza zilipogombania visiwa vidogo vya Minquiers na Ecrehos, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitaka kujua nani aliendesha kesi huko na nani alitoza kodi za nyumba. Hayo ndiyo yaliyoipa Uingereza ushindi.

Sasa shaka yangu. Kama stempu ni karatasi tu, kwa nini Japani ililalamika 2004 Korea Kusini ilipotoa stempu za visiwa vya Dokdo, ambavyo Wajapani wanavidai na kuviita Takeshima? Na kwa nini Morisi haikuridhika na maoni ya Mahakama ya Februari 2019, kwamba Uingereza iondoke Chagos, bali ikalifikisha jambo hili hadi Umoja wa Posta Duniani? Wengi husema ni propaganda. Mimi naona haitoshi. Ramani unaichora peke yako na kuitundika ukutani kwako. Stempu inamtaka mtu wa tatu: posta ya nchi nyingine iipokee barua, iikubali kuwa imelipiwa, iifikishe. Je, kuifikisha ni kukiri kisiwa ni cha nani? Mwanasheria atasema hapana, nami nakubaliana naye. Kisha naiangalia bahasha iliyosafiri na kugongwa mihuri miwili, na uhakika wangu unapungua.

Agosti 2021 Umoja huo uliamua kutozitambua tena stempu za B.I.O.T. Kambi haikung'oka. Mkataba wa Uingereza na Morisi kuhusu Chagos ulitiwa saini Mei 2025 tu, nao unaiacha kambi ya Diego Garcia pale pale kwa miaka 99. Hata hivyo siku ile ya 2021 niliitoa seti yangu ya 1968, nikaandika kwa penseli chini yake mwaka wa uamuzi. Kwenye albamu yangu siandiki ovyo.