Ati dereva wa treni kazi yake ni kukaa tu

"Kwani kazi iko wapi hapo, si reli ishakunyooshea njia?" Hii naisikia sana hapa Changamwe nikisema naendesha treni ya mizigo, na nusu yake ni kweli. Usukani hatuna. Gurudumu lina ukingo upande wa ndani unaolizuia lisitoke kwenye reli, na pale reli zinapogawanyika wanaoamua tunaingia ipi ni watu wa kontroli, sio sisi. Sasa mtu akisikia hivyo anamaliza mwenyewe, basi huyu analipwa kulala. Jaribu kulala uone. Kwenye kabini kuna kifaa cha kukuchunga kama uko macho, kila baada ya muda mfupi shurti ukijibu kwa kubonyeza, usipojibu kinapiga kelele, ukinyamaza tena treni inajifunga breki yenyewe alafu utaenda kueleza kulikoni.

Lakini dhana inayoua watu ni ya breki. Watu watufikiria kama matatu za Likoni, mtu akijitupa barabarani dereva anakanyaga, anamtukana, safari inaendelea. Treni ya mizigo ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa na Nairobi, inaweza kufika tani 4,000 na yote hiyo ni chuma juu ya chuma, hakuna tairi la kung'ang'ania. Funga breki zote ikiwa mbioni, bado itaenda kilomita nzima na zaidi. Usiku ndio balaa, taa ya injini yafika mita mia kadhaa tu, kwa hivyo ukikiona kitu ushachelewa. Ndio maana hatuendeshi kwa macho, tunaendesha kwa signali, tunaiamini kwamba huko mbele tusikokuona ni salama. Na signali nayo haioni kila kitu. Januari 1993 treni ya abiria ya usiku, kwenye reli ya zamani ya Nairobi na Mombasa, ilifika Ngai Ndethya ikakuta mafuriko yameharibu daraja. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Alafu kuna wale wataalamu wa baraza: "upepo ukiisha, breki zimekufa." Ni kinyume. Ule upepo kwenye paipu inayopita treni nzima ndio unaozuia breki zisifunge, ukiupunguza zinafunga, kwa hivyo hata mabehewa yakikatika njiani paipu inachomoka, upepo unatoka, na vipande vyote viwili vinajisimamisha. Ujanja huo ni wa Mmarekani George Westinghouse, wa miaka ya 1870, na mpaka leo dunia nzima inautumia. Ila msifurahi sana, manake kinachobana gurudumu pia ni upepo, uliowekwa akiba kwenye tangi la kila behewa, na treni ikiachwa imezimwa huo nao unavuja pole pole. Treni ikilala lazima mtu azungushe handibreki kwa mkono, behewa moja baada ya jingine, jua kali au mvua. Julai 2013 kule Lac-Mégantic, Kanada, treni ya mafuta iliachwa usiku kwenye mteremko, handibreki zilizofungwa hazikutosha, injini ikazimwa, upepo ukaisha, ikateremka peke yake mpaka katikati ya mji. Watu 47.

Kupanda kwenda Nairobi nako watu wanatuonea huruma bure. Ni kweli Nairobi iko juu, kama mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na injini inalia kweli kweli, lakini ikishindwa itasimama tu, basi. Kazi iko kwenye kushuka. Ukitoka Mariakani kuja Miritini na mzigo mzito nyuma unakusukuma, ukiegemea breki za magurudumu peke yake zitachemka zianze kupoteza nguvu, kwa hivyo unazigeuza mota za injini ziwe jenereta, zile zinakaba mwendo na umeme wake unachomwa kuwa joto linalopulizwa nje. Abiria akiwa amelala zake hajui chochote.

Nikitaja mota ntaambiwa "si nilisema ni treni ya umeme!" Hapana. Yetu yabeba dizeli, dizeli inazungusha mtambo wa kuzalisha umeme, umeme unazungusha mota. Inayovuta kwenye waya juu ni SGR ya Tanzania, ile iliyoanza Dar mpaka Morogoro 2024. Yetu ya abiria inaishia 120 kwa saa, ya mizigo 80, na hakuna cha "leo nimechelewa nikimbize kidogo".

Ati kazi ya wanaume? Madaraka Express, treni yetu ya abiria ya SGR, ilipozinduliwa 31 Mei 2017, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta mwenyewe akiwa ndani, kwenye kabini alikuwa mwanamke, Concilia Owire. Tuendelee.

Ya mwisho, "reli ya zamani ishakufa." Nani kawaambia? Mabehewa ya mizigo bado yanapita huko, reli ya upana wa mita moja iliyoanza kujengwa hapa Mombasa 1896, na watu wameanika nguo, wamepanga viazi na nyanya mpaka kwenye mataruma. Hakuna ukuta kama SGR, kwa hivyo honi ndio ukuta wenyewe. Mnalalamika twawaamsha watoto. Nishawaeleza kusimama hatuwezi, mwenye kutoka njiani ni wewe, na hizo iyafoni toa maskioni ukivuka.