Je, wajua kwa nini darubini ya mara 20 hukuonyesha ndege vibaya kuliko ya mara 8?

Muulize mtu yeyote darubini nzuri ya macho mawili, ya kutazamia ndege, ni ipi, naye atakujibu bila kusita: ni ile inayovuta karibu zaidi. Mimi niliamini hivyo kwa miaka, na pesa yangu ya kwanza ya darubini niliitoa kwa imani hiyo. Ilikuwa nyeusi, nzito, imeandikwa 20×50 kwa herufi za dhahabu. Niliijaribu mlangoni pa duka moja katikati ya Nairobi, saa saba mchana, bega nimeliegemeza kwenye nguzo. Nikasoma namba ya simu kwenye bango lililokuwa ghorofa ya tano ng'ambo ya barabara, nikaridhika, nikalipa. Kando yake palikuwa na nyingine ya 8×42. Niliitazamia bango lile lile mara moja tu, nikaona maandishi ni madogo, nikairudisha.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa ndani ya msitu wa Karura kabla ya saa moja asubuhi. Juu ya mti mrefu alikuwa shorobo, ndege wa ukubwa wa kuku mchanga, anakimbia juu ya matawi kama kindi. Nilimwona kama kivuli kinachotetemeka. Nilimjua kuwa ni ndege, basi. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kwenye njia ile akanivulia yake shingoni. "Shika hii, kijana wangu, kabla hajaruka." Ilikuwa 8×42. Kivuli kile kikageuka kijani kibichi, kikawa na baka jeupe mbele ya jicho na pete nyekundu kulizunguka. Kisha akaruka, na mabawa yakafunguka mekundu kama pilipili. (Wekundu huo unatokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake, kitu ambacho katika ndege wote hupatikana kwa jamii ya shorobo pekee. Kila nikimwona naukumbuka.)

Swali lililonisumbua njia nzima ya kurudi nyumbani ni hili: chombo kinachokuza kidogo kiliwezaje kunionyesha zaidi?

Tuanze na namba zenyewe. Kwenye 8×42, ya kwanza ni ukuzaji: ndege aliye mita 80 anaonekana kana kwamba yuko mita 10. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele, kwa milimita. Wengi wetu tunaishia kwenye ile ya kwanza, tunaichukulia kama alama za mtihani, kwamba 20 lazima ishinde 8. Hebu zipigie hesabu. Ndege yule yule wa mita 80, ukiwa na ya mara 10, anakuja mita 8. Kutoka ya mara 8 hadi ya mara 10 umeongeza ukaribu wa mita mbili tu. Ya mara 20 inamleta mita 4, na hapo ndipo tamaa inapoingia. Lakini darubini haikuzi ndege peke yake. Inakuza kila kitu kilichopo kati yako na ndege, na mkono wako ukiwemo.

Aliyewahi kuangua maparachichi kwa mti mrefu wenye ndoano anajua habari hii. Ukiwa na kijiti kifupi, unalichomoa tunda bila shida. Ukiwa na mti wa mita nne, kiganja kikisogea kidogo tu huku chini, ncha kule juu inapepesuka huku na kule, na tunda unalikosa mara tatu. Hakuna mkono wa mwanadamu unaotulia kabisa. Moyo ukipiga, mkono unapigwa nao. Darubini ya mara 8 inaukuza mtikisiko huo mara 8, ya mara 20 mara 20. Jicho likiletewa picha inayoruka haliwezi kushika manyoya madogo, hata kama picha ni kubwa. Ndiyo maana watazamaji wengi wa ndege wanaoshika darubini kwa mikono hawavuki mara 10. Si sheria. Wapo wenye mikono iliyotulia, na zipo darubini za betri zinazozuia mtikisiko zenyewe, ila bei yake ni ya juu.

Mtikisiko niliuelewa upesi, kwa kuwa niliuona. Kilichonichukua muda ni mwanga.

Chukua kijiko kimoja cha siagi ukipake kwenye kipande kimoja cha mkate. Kinafunika vizuri, unaionja. Sasa kijiko kile kile kigawe kwa vipande sita. Siagi haijapungua hata chembe, lakini kila kipande kimebaki karibu kikavu. Lenzi ya mbele ndiyo kijiko: inakusanya mwanga wa kiasi fulani, haiongezi zaidi ya hapo. Ukuzaji ndio mkate. Picha ya mara 20, ikilinganishwa na ya mara 8, ni pana mara mbili na nusu na ndefu mara mbili na nusu, kwa hiyo eneo lake ni zaidi ya mara sita. Lenzi ya milimita 50 inakusanya mwanga zaidi kidogo kuliko ya 42, lakini nyongeza hiyo haifui dafu mbele ya mkate mkubwa namna ile.

Kuna njia rahisi ya kulipima jambo hili, na unaweza kuifanya hata dukani. Ishike darubini mbali na uso, kama sentimita 30, uielekeze kwenye anga nyeupe (kamwe isiwe kwenye jua). Katikati ya kila kioo cha kutazamia utaona duara dogo linalong'aa. Hilo ndilo bomba ambalo mwanga wote unapitia kuingia jichoni. Kipenyo chake ni lenzi ya mbele kugawanya kwa ukuzaji. Kwa 8×42 ni milimita 5.25. Kwa 20×50 yangu ni 2.5.

Na jicho lako nalo lina mdomo: mboni. Juani inabana hadi milimita 2 au 3. Gizani, kwa kijana, inaweza kufunguka hadi karibu 7. Umri ukisonga hubaki 5 au chini ya hapo, ingawa watu hutofautiana sana. Fikiria sasa unajaza mtungi wa maji. Mdomo wa mtungi ukiwa mwembamba kuliko bomba, maji ya ziada yanamwagika pembeni, na bomba nene halikusaidii chochote. Mdomo ukiwa mpana na bomba ni jembamba kama mrija, utasubiri sana, na upana wa mdomo haukusaidii.

Rudi nami kwenye duka lile, saa saba mchana. Jua la Nairobi liko utosini, mboni zangu zimebana milimita 2 na kitu. Bomba la 2.5 linatosha kabisa mdomo wa namna hiyo. Darubini ya 8×42 inaleta bomba la 5.25, lakini nusu ya upana huo inaishia kwenye jicho nje ya mboni, haiingii. Kwa hiyo zote mbili zinang'aa sawasawa, na ile ya mara 20 inashinda kwa ukubwa. Bega nimeliegemeza kwenye nguzo, basi hata mtikisiko umefichwa. Sikudanganywa na muuzaji. Nilikuwa nimeipima mahali pekee ambapo kasoro zake haziwezi kujitokeza.

Chini ya miti ya Karura, alfajiri, mboni zilikuwa zimefunguka labda milimita 5. Bomba la 5.25 likaujaza mdomo wote. Bomba la 2.5 lilijaza nusu ya upana wake, maana yake robo ya eneo. Yaani yule shorobo alinifikia akiwa na robo ya mwanga ambao mzee alikuwa akiupata. Jicho likikosa mwanga hupoteza rangi kabla ya kupoteza umbo, ndiyo maana nilibaki na kivuli.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu, tulio karibu kabisa na ikweta. Jua linachomoza kwa haraka na kuzama kwa haraka, mapambazuko hayachelewi. Ndege wengi huchangamka katika saa mbili za kwanza za asubuhi, na msituni giza hubaki chini ya majani hata baada ya barabara kuwa nyeupe. Ukienda Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, kwenye nyika wazi, hesabu inabadilika kidogo: mwanga ni tele, na mbuni au karani tamba anaweza kuwa mbali sana. Huko 10×42 ina faida yake. Lakini subiri ifike saa sita mchana, joto lianze kupanda kutoka ardhini na hewa icheze kama mazigazi. Ukuzaji mkubwa utakukuzia hewa hiyo inayocheza, ndege asiongezeke hata unyoya.

Upana wa mwono nao unapungua ukuzaji ukipanda. Darubini nyingi za 8×42 hukuonyesha upana wa mita 130 hadi 140 kwa umbali wa mita 1,000. Nyingi za 20×50 hazifiki mita 60. Kwa mti ulio mita 50 kutoka ulipo, hiyo ni tofauti ya kuona karibu mita saba za matawi, au chini ya mita tatu. Ndege mdogo kama chozi hakai tawi moja kwa sekunde tatu. Ukimtafuta kwa mwono wa mita tatu, utayajua majani yote ya mti ule kabla ya kumpata.

Kuhusu umbo nitasema kwa kifupi. Lenzi mbili peke yake zingekupa picha iliyopinduka, miguu juu, kwa hiyo ndani mna prizimu, vipande vya kioo vya kuigeuza. Zile zenye mabega mapana hufuata mpango wa Mwitaliano Ignazio Porro, wa miaka ya 1850. Zile nyembamba zilizonyooka zina prizimu za aina nyingine, ngumu zaidi kutengeneza. Ukiwa na pesa kidogo, zenye mabega mapana mara nyingi hukupa picha safi zaidi kwa bei ile ile. Zilizonyooka ni rahisi kubeba, na nyingi zimezibwa na kujazwa naitrojeni ili ukungu usiingie ndani, jambo utakaloshukuru wakati wa masika.

Sasa dukani. Beba rula. Kuna darubini ndogo za kukunja zinazouzwa zikiwa zimeandikwa 30×60. Niliwahi kupima moja: lenzi ya mbele ilikuwa milimita 22, si 60, na duara la mwanga lilikuwa kama milimita 3. Gawanya: ukuzaji wake ni kama mara 7. Lenzi zinazong'aa nyekundu kama taa ya nyuma ya matatu zinavutia macho, lakini wekundu huo ni mwanga unaorudishwa nje. Ndani utaona dunia ya kijani na samawati. Lenzi iliyopakwa vizuri tabaka la kuzuia mwanga usirudi nje hung'aa kwa unyonge, zambarau au kijani, na uso wako huuoni sana ndani yake.

Tazama ukingo wa juu wa jengo, kisha uvute darubini taratibu kutoka machoni. Mstari ule ukivunjika, upande mmoja uko juu na mwingine chini, mirija miwili ya darubini haijalingana. Utaondoka na maumivu ya kichwa kila ukiitumia. Ukivaa miwani, jaribu ukiwa nayo, vikombe vya macho umevishusha; ukiona duara dogo lenye weusi pembeni, tafuta inayokuruhusu kukaa angalau milimita 15 kutoka kwenye kioo. Na kabla ya kusema imeharibika kwa kuwa jicho moja linaona ukungu, funga jicho la kulia, lenga kwa gurudumu la katikati, kisha funga la kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye kioo cha kulia. Macho yetu mawili hayafanani. Pete ile iliwekwa kwa ajili hiyo, na wengi hawajawahi kuigusa.

Bora kuliko duka ni kuzijaribu za wengine kwenye mwanga wa kweli. Matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, yamewafundisha wakazi wengi wa Nairobi kutazama ndege, na mtu aliyebeba darubini nzuri mara chache hukunyima dakika moja.

Ile 20×50 bado ninayo. Nimeifunga kwenye mguu wa kamera barazani, mahali ambapo haitikisiki na hakuna ndege wa kukimbizana naye. Sayari ya Mshtarii ikiwa juu na mawingu yakiondoka, naona kando yake nukta nne zimejipanga, na kesho yake zimebadilishana nafasi. Ni miezi inayoizunguka sayari hiyo, ile ile aliyoiona Galileo Januari 1610, kwa darubini iliyokuwa ikikuza karibu mara 20.